SHEIKH ABDUL-AZIZ AL-AMAWI NA ADABU YA KUHITILAFIANA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ni ada yetu katika darasa hii kusoma maisha ya wanavyuoni wa pwani yetu waliotangulia, si kwa kujifakharisha kwa makaburi yao, wala si kwa kuwatukuza kupita kipimo alichowekewa mwanadamu, bali kwa kutafuta katika mwenendo wao jambo la kutufaa sisi tulio hai. Leo tumependa kumweleza Sheikh Abdul-Aziz bin Abdul-Ghani Al-Amawi, aliyekuwa kadhi wa Kisunni katika Unguja kwa miaka mingi ya karne iliyopita kabla ya hii ya mababu zetu, naye akafariki mwaka 1896.

Tumemchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni elimu yake, ambayo hata wasiokuwa wa dini yake waliikiri. Ya pili ni kwamba huyu ni mtu ambaye katika mambo kadha wa kadha sisi wa darasa hii hatukubaliani naye. Sheikh Abdul-Aziz alikuwa mtu wa tarika, tena mwenye tawi lake mwenyewe katika Kadiria. Na sisi, kama wasomaji wetu wajuavyo, twaona kwamba mengi yanayofanywa katika halka za dhikri hayana asili katika Sunna, nasi tumelisema hilo waziwazi na tutaendelea kulisema. Lakini mtu asiyeweza kumtaja kwa insafu mwenziwe anayehitilafiana naye, hana haki ya kuwafundisha watu adabu ya kuhitilafiana. Basi na tuanze kwa nafsi zetu.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Sheikh Abdul-Aziz alizaliwa Barawa, katika pwani ya Banadiri, katika miaka ya 1830. Nasaba yake ilihesabiwa kwenda kwa Makureshi wa ukoo wa Banu Umayya, na ndiyo maana akaitwa Al-Amawi. Barawa ni mji mdogo, lakini ni mji wa vyuo na wa biashara ya bahari, na watu wake wa asili husema Chimiini, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu. Mji huo mmoja uliipa Afrika ya Mashariki wanavyuoni wengi kupita ukubwa wake: huko ndiko alikotoka Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, kadhi mkubwa na mtunzi, aliyefariki mwaka 1869, na huko ndiko alikozaliwa Sheikh Uwesu bin Muhammad mwaka 1847, aliyeieneza Kadiria katika pwani na bara.

Angali kijana, Abdul-Aziz alisafiri kuja Unguja, na hapo akasoma kwa Sheikh Muhyiddin. Akaonekana kuwa na akili kali na hifadhi ya ajabu, hata Sayyid Said bin Sultan akamfanya kadhi wa Kilwa akiwa kijana mno, katika umri ambao wenziwe walikuwa bado wakikaa mbele ya masheikhe wao na vitabu mapajani. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na Sheikh Abdul-Aziz akarudishwa Unguja akawa kadhi huko. Akahukumu katika zama za Sayyid Majid, kisha za Sayyid Barghash aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888, kisha za Sayyid Khalifa, na mwanzo wa zama za Sayyid Ali. Mwaka 1891 alistaafu, na mwanawe, Sheikh Burhan, akakikalia kiti chake.

Aliandika katika tauhidi, na fikihi, na nahau, na tarehe, na akatunga mashairi ya Kiarabu. Alianza pia kutengeneza kamusi ya Kiarabu na Kiswahili, nayo haikumalizika. Jambo hili la kamusi tunaliweka mbele ya macho ya wasomaji kwa makusudi, kwa kuwa wako watu mpaka leo wanaodhani kwamba wanavyuoni wa zamani walikidharau Kiswahili. Huyu alikuwa bingwa wa Kiarabu, na bado aliona lugha ya nyumbani yafaa kuandikiwa kamusi.

MJI ALIOHUKUMU NDANI YAKE

Hatuwezi kuifahamu tabia ya Sheikh Abdul-Aziz mpaka tuujue mji wa Unguja wa siku zile. Watawala walikuwa Maibadhi kutoka Omani. Raia Waislamu wengi walikuwa Masunni wa madhehebu ya Imamu Shafi. Kati ya Wahindi walikuwako Maismailia, na Mabohora, na Maithnaashari, kila kundi na nyumba yake ya ibada. Walikuwako Mabaniani wa dini ya Kihindu, na mmoja wao, Jairam Shivji, alikabidhiwa forodha yote ya Sayyid Said. Walikuwako Magoa waliokuwa Wakatoliki. Mwaka 1860 waliingia mapadri wa Kikatoliki wa Kifaransa, na mwaka 1864 wakaingia mapadri wa Kiingereza. Na katika mitaa ya ng'ambo walikuwako maelfu ya watu wa bara, watumwa na waliokwisha kuachwa huru, wengine wamesilimu, wengine wamebaki na mila za kwao.

Mji kama huu hauwezi kukaa ila kwa mizani. Mizani iliyowekwa na Masultani ilikuwa hii: kila madhehebu yawe na kadhi wake. Kadhi wa Kiibadhi aliwahukumu Maibadhi, na kadhi wa Kisunni akawahukumu Masunni, katika ndoa na talaka na mirathi na nyakfu. Mtawala hakuwalazimisha raia zake kuswali kama alivyoswali yeye. Ibadhi husimama katika swala mikono yake imeteremka, wala hasemi amina baada ya Alhamdu, wala hasomi kunuti. Na Shafi hukunja mikono, na husema amina, na husoma kunuti katika swala ya Alfajiri. Katika itikadi pia zipo tofauti nzito, kama mas-ala ya kumwona Mwenyezi Mungu kesho Akhera, na hukumu ya Mwislamu aliyekufa na dhambi kubwa asitubie. Haya si mambo ya kufanyiwa mzaha, na kila upande uliyashika kwa dhati. Hata hivyo watu walipishana katika njia moja nyembamba, wakanunua katika soko moja, na wakazikana.

Basi fikiri, ewe msomaji, hali ya kadhi wa Kisunni katika dola ya Kiibadhi. Mshahara wake unatoka kwa Sultani. Watu wake wanamtazamia awe mlinzi wa madhehebu yao. Akijipendekeza kwa mtawala hata akaificha itikadi yake, amewakhini watu wake na dini yake. Akiwachochea watu wake wamdharau mtawala kwa madhehebu yake, ameuunguza mji. Sheikh Abdul-Aziz alipita katika njia hiyo kwa zaidi ya miaka thalathini. Alibaki Shafi dhahiri shahiri, akifundisha na kuandika kama Shafi, na Masultani wa Kiibadhi wakamwamini hata katika kazi za dola zisizokuwa za mahakama. Sayyid Barghash alimtuma safari za kusini, nchi za mto Ruvuma, kwenda kuonana na wakubwa wa huko, naye akaziandika habari za safari zake hizo.

ZAMA MIZANI ILIPOPOTOKA

Haitakuwa haki tukiieleza Unguja ile kana kwamba haikuwa na dhuluma. Mizani ile ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mkono wa mtu hutetemeka.

Wasomaji wetu wa Mombasa wanalijua jina la Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1825. Wazee wake wa asili walikuwa Maibadhi, naye alikuwa Shafi, akasoma Makka, akawa kadhi wa Mombasa. Alikuwa na ulimi wa kukinaisha, na kwa darasa zake baadhi ya Maibadhi wakaacha madhehebu yao wakaingia katika Usunni. Sayyid Barghash, ambaye aliyapenda madhehebu yake hata akaleta matbaa ya kuchapisha vitabu vyake, aliliona jambo hilo kuwa ni la kumvunjia heshima. Mwaka 1887 akamfunga Sheikh Ali. Hakufunguliwa mpaka Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888 na Sayyid Khalifa akashika ufalme.

Sisi hatumtaji Sayyid Barghash kwa kumtukana. Ni mtawala aliyeuletea mji wake maji ya mfereji na merikebu na majumba, na watu walimwombea. Lakini twauliza: kifungo kile kilifaa nini? Hakikumrudisha hata mtu mmoja katika madhehebu aliyoyaacha, wala hakikumfanya Sheikh Ali aone kuwa yeye ndiye mwenye kosa. Miaka michache baada ya kutoka kifungoni, mwaka 1891, Sheikh Ali alizaliwa mtoto, naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapo Mombasa mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akafariki mwaka 1947. Sauti iliyotakiwa izimwe katika kuta za gereza ilienea pwani nzima kwa mkono wa mtoto. Itikadi iko moyoni, na moyo hauna mlango ambao askari anaweza kuufunga kwa komeo.

Na kwa upande wa pili, insafu yatulazimisha tuseme kwamba Masunni nao hawakusalimika. Walikuwako, na wako hata leo, wanaowaita Maibadhi kwa jina la Khawariji, hali Maibadhi wenyewe wanalikataa jina hilo na kujitenga na matendo ya watu wale. Kumwita mtu jina analolikana, kisha kumhukumu kwa jina hilo, ni namna nyingine ya kumfunga. Tofauti yake na gereza ni kwamba haina gharama, ndiyo maana kila mtu huifanya.

SHEIKH NA MAPADRI

Sasa tufike katika jambo ambalo kwalo Sheikh Abdul-Aziz anafaa kukumbukwa zaidi.

Katika mapadri wa Kiingereza waliofika mwaka 1864 alikuwako Edward Steere, ambaye baadaye, mwaka 1874, alifanywa askofu, akafa Unguja mwaka 1882. Steere alikuja kuwaita watu katika dini yake, wala hakulificha kusudio lake. Alijifunza Kiswahili kwa bidii kubwa, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Katika kujifunza kwake alihitaji watu wa mji wamsaidie, na mmoja wa waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdul-Aziz.

Sheikh alijitolea mwenyewe kuifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Akafasiri mpaka ya 16 katika zile 150, kisha kazi ikasimama. Steere mwenyewe ameeleza sababu zake: shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno, cha kisomi, hata hakikufaa kwa kazi aliyoitaka padri, yaani kuwasomea watu wa kawaida. Juu ya hayo alizipiga chapa zile Zaburi 16, ziwe ukumbusho wa hisani ya Sheikh, na kielelezo cha Kiswahili ambacho mwanachuoni mkubwa wa Unguja alikiona kuwa ndicho kitukufu.

Huenda msomaji akashangaa: vipi kadhi wa Waislamu amsaidie padri? Jawabu ni kwamba Sheikh alijua alichokuwa akikifanya. Kuviamini vitabu vilivyoteremshwa kabla ya Kurani ni nguzo katika nguzo za imani yetu, na Zaburi ni kitabu alichopewa Nabii Daudi, alayhi salamu. Sheikh hakufasiri maneno ya Utatu. Alifasiri maneno ya kumsifu Muumba na kumlilia. Na ikiwa ndani yake kuna yaliyogeuzwa, kama tunavyoitakidi kuhusu vitabu vilivyotangulia, basi mwanachuoni ni mwenye kufaa zaidi kuyasoma na kuyapambanua kuliko asiyejua.

Wala asidhani mtu kwamba Sheikh alinyamaza mbele ya mapadri. Sheikh Abdul-Aziz alikuwa katika Waislamu waliojadiliana nao mara nyingi, juu ya Utatu, na juu ya daraja ya Nabii Isa, alayhi salamu, na juu ya yale yaliyomo katika Injili. Katika jambo la Tauhidi hakutoa hata punje moja. Mtu yule yule aliyekaa na padri wakitafuta neno zuri la Kiswahili, ndiye aliyemwambia padri huyo kwamba itikadi yake si sawa. Mambo mawili haya hayakupigana katika kifua chake. Kwa jambo hili hatuna budi kumwonea wivu ule mwema, maana wengi wetu tunaweza moja tu: ama tunakuwa wapole hata tukaiuza itikadi, ama tunaishika itikadi hata tukautupa ubinadamu.

Je, Uislamu wa Unguja ulipata hasara kwa adabu ile? Haukupata. Watu wa mji waliouacha Uislamu kwa ajili ya mapadri walikuwa wachache mno. Wafuasi wa misheni ile, kwa sehemu kubwa, walikuwa watumwa walioteremshwa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza, na watoto wao. Na hapa pana neno chungu ambalo gazeti lenye kutaka kutengeneza hali za Waislamu haliwezi kulipita kimya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na juu ya uwanja wake huo mapadri wakajenga kanisa lao la Mkunazini. Aliyenunuliwa na kuuzwa na watu wenye kuswali, kisha akapokelewa na kufundishwa na padri, hakuhitaji mjadala wa Utatu ili achague njia. Alikwisha kujadiliwa kwa vitendo. Kwa hivyo tukitaka kujua ni lini dini yetu ilipungukiwa, tusiitazame siku kadhi alipokaa na padri kwa heshima, bali tuzitazame siku ambazo mwanadamu alitandazwa sokoni kama samaki, na wenye elimu wakapita njia.

YALIYOMO KATIKA MWENENDO WAKE

Katika maisha haya sisi tumeona mambo matatu.

La kwanza ni kwamba kuheshimu si kukubali. Wako wanaosema leo kwamba ili watu wakae kwa amani yawapasa waseme dini zote ni moja na madhehebu yote ni sawasawa. Hii si heshima, bali ni kutojali. Mwenye kusema hivyo hajaiheshimu dini ya mwenziwe, kwa kuwa hajaichukua kuwa ni jambo la kweli lenye uzito. Sheikh Abdul-Aziz alimheshimu Ibadhi hali ni Shafi, na akamheshimu padri hali ni Mwislamu, wala hakuna aliyetilia shaka yeye ni nani.

La pili ni kuijua itikadi ya mwenzako kama anavyoieleza mwenyewe. Wanavyuoni wa zamani walisoma vitabu vya wapinzani wao kabla ya kuwajibu. Siku hizi mtu husikia neno moja barazani, au hupelekewa ujumbe katika simu, akatoa hukumu juu ya kundi zima la watu. Kisha husema ametetea dini. Dini haitetewi kwa uzushi, hata uzushi huo uwe juu ya asiyekuwa Mwislamu.

La tatu ni kutotumia nguvu wala matusi mahali pa hoja. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Anaam, yatukataza kuwatukana wanaoabudiwa na watu wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Katika Sura ya Al-Ankabuti yatuamrisha tusijadiliane na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Na katika Sura ya Al-Hujurati yatukataza kudharauliana na kupeana majina mabaya. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, aliupokea Madina ujumbe wa Wakristo wa Najrani, akajadiliana nao, wala hawakusilimu, na bado wakarudi kwao kwa amani na mkataba. Na kabla ya hapo, Waislamu wa mwanzo walipodhulumiwa Makka, walikimbilia Uhabeshi, katika bara yetu hii ya Afrika, wakahifadhiwa na Najashi, mfalme wa Kikristo, aliyekataa kuwarudisha kwa maadui wao. Umma ambao ulinzi wake wa kwanza ulikuwa chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, haufai kusahau maana ya kuwa wachache katika nchi ya watu.

Na katika ikhtilafu za Waislamu wenyewe, inasimuliwa kwamba Imamu Shafi alipoiswali Alfajiri karibu na kaburi la Imamu Abu Hanifa, huko Baghdadi, aliiacha kunuti kwa adabu ya mwenye kaburi, hali yeye aiona kuwa ni sunna. Ikiwa Imamu wa madhehebu yetu aliweza kuliacha jambo analoliona sunna kwa ajili ya maiti, je, sisi tutashindwa kumwachia jirani aliye hai heshima yake?

MAANA YAKE KWETU

Mambo haya si hadithi za kale tu. Pwani yetu imekwisha kuonja matunda ya kuyaacha. Unguja, katika zama za siasa zilizoanza mwaka 1957, watu waliosomeshana Kurani walifika hadi ya kususiana maduka, na harusi, na hata mazishi, kwa sababu huyu ni wa chama hiki na yule wa chama kile. Mwezi wa Juni 1961, siku za uchaguzi, watu 68 waliuawa. Januari 1964 ikaja damu nyingi kuliko hiyo. Na huku Kenya, baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, waliuawa watu zaidi ya 1,000, na wengi wao hawakuwa na kosa ila kabila lao na mahali walipokuwa wakiishi. Katika kila msiba wa namna hii, kabla ya panga hutangulia ulimi. Watu huanza kwa kupeana majina, kisha jina humla mwenye jina.

Tena wako katika ndugu zetu wa pwani wanaopanda bara kwa biashara, na baadhi yao wamefanya makao huko. Miraa inayotafunwa Mombasa na Lamu hutoka katika milima ya Nyambene, nchi za Meru, na kwa njia hiyo na nyinginezo Waislamu wamefika mpaka miji midogo kama Muthara, huko Tigania. Huko Mwislamu ni mmoja katika wengi. Jirani yake wa kulia ni Mmethodisti, wa kushoto ni Mkatoliki, na mzee wa mji huenda akawa mtu wa Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo Wameru walilitegemea katika hukumu zao tangu kabla ya serikali ya kikoloni. Wameru wenyewe walipata mtihani wa jambo hili. Ukristo ulipoingia, palikuwa na mvutano kati ya wazee na vijana waliobatizwa, kwa kuwa kuingia Njuri kulikuwa na kafara na viapo ambavyo Mkristo hawezi kuvifanya. Mwisho ilitafutwa njia, Mkristo akaingia barazani kwa kiapo kisichovunja dini yake. Wazee hawakuacha kuwa wazee, na Wakristo hawakuacha kuwa Wakristo.

Basi Mwislamu aliye Muthara naye ajue kwamba yeye ndiye kitabu kitakachosomwa na watu wa mji. Wengi wao hawatasoma tafsiri wala hawatasikia khutuba, lakini wataiona mizani ya duka lake, na watasikia anavyowataja wazee wao na makanisa yao asipokuwapo mwenye kusikia. Asile kilicho haramu kwa kumridhisha mtu, wala asishiriki katika ibada isiyokuwa yake. Na adabu si katika hayo. Adabu ni kumzuru mgonjwa, na kumpa pole mfiwa, na kutimiza ahadi, na kumwita mtu kwa jina analolipenda, na kukaa kimya kwa heshima mtu anapoomba kwa njia yake. Na sisi tulio wengi katika miji yetu ya pwani tujiulize: je, Mmeru au Mkamba au Mluo aliyeteremka kwetu kutafuta riziki anapata kwetu yale tunayoyataka ndugu zetu wapate kwao? Akiitwa kafiri kila apitapo barazani, atarudi kwao na habari gani za Uislamu?

KUFARIKI KWAKE

Sheikh Abdul-Aziz alifariki mwaka 1896, mwaka ule ule ambao manowari za Waingereza ziliipiga mizinga nyumba ya Sultani wa Unguja kwa muda usiotimia saa moja, na wenye macho wakajua kwamba enzi ya zamani imekwisha. Dola aliyoitumikia imeondoka, na Masultani waliompa ukadhi hawapo. Misheni aliyojadiliana nayo imekuwa kanisa la watu wa hapa hapa, wenye majina ya hapa na lugha hii hii. Maibadhi na Mashafi wangalipo, na kila mmoja angali akiswali kama alivyofundishwa.

Sisi twaendelea kuyakataa tunayoyakataa katika mambo ya tarika, na anayetaka hoja zetu azitafute katika darasa zetu, tutamweleza kwa upole. Lakini hapo hapo twamwombea Sheikh huyu kwa Mola wake, kama anavyoombewa Mwislamu yeyote aliyetumia umri wake katika elimu na hukumu za haki. Mwenyezi Mungu amrehemu, na ampe malipo ya wema wake, na amsamehe makosa yake na yetu, na atupe katika nyoyo zetu nguvu ya kuishika haki pamoja na upole wa kuwachukulia waja wake. Amin.